Tatuu ya mkono hapa Dodoma: sijachorwa bado, nimerudishwa nyumbani mara tatu, na nawapa nyota nne

Nianze na hili msije mkanishambulia, sijachorwa bado. Hii rivyuu ni ya maandalizi tu, kabla ya sindano, na najua kuna mtu atauliza sasa unasifia nini wakati mkono bado mtupu, ila mimi nimezungushana na hawa watu tangu mwezi wa sita mpaka leo mwezi wa kumi unaisha, nina mengi ya kusema, mazuri na ya hovyo. Jumamosi ndo nakaa kwenye kiti. Naandika sasa hivi maana najijua, nikishatoka pale mkono umependeza nitasahau yote niliyokuwa nalalamika njia nzima.

Jina la studio sitaji. Nikitaja mtasema nimelipwa, na huko chini kuna malalamiko pia, sitaki kumharibia dada wa watu riziki. Iko Area D, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipodozi, ngazi ziko nyuma karibu na tanki la maji, bango hawana, siku ya kwanza nilipanda nikaingia mlango wa fundi cherehani nikakuta mama wa watu anapimwa kiuno, nikaomba radhi nikatoka. Hilo la bango andikeni, ni lalamiko namba moja.

Mimi ni dereva teksi, nina gari aina ya Toyota IST, nazunguka stesheni ya SGR, stendi ya Nzuguni, Mtumba kwa wale wa wizarani, usiku narudi zangu Ipagala. Ninachotaka kuchora ni tawi la mzabibu, lianzie kwenye kifundo cha mkono lipande likizunguka mpaka karibu na kiwiko, na kishada kimoja tu kinaning'inia. Nyumbani kwetu ni Hombolo, shamba la zabibu la mzee lipo, na mimi mpaka leo msimu wa kupogolea ukifika napaki gari naenda kushika mkasi, kwa hiyo siyo picha nimeiona kwenye simu ya mtu nikaipenda.

Sasa kabla ya hawa wa Area D nilianza sehemu nyingine mwezi wa tano, huko ndo sitaji hata mtaa. Nimeingia, jamaa yuko kwenye simu, nikamwonyesha picha, akaangalia sekunde mbili akasema "elfu themanini bro, kaa hapo tuanze". Leo leo. Hajauliza jina, hajauliza naumwa nini, hajashika mkono wangu. Sindano zake zilikuwa zimesimamishwa kwenye kikombe kina spiriti kama mswaki, na kuna mteja alikuwa anamalizia, nikamwona kwa macho yangu anarudisha wino uliobaki kwenye chupa. Hapo mngetegemea niseme niliondoka kwa akili zangu, hapana, nilishakaa na shati nimeshakunja. Simu iliita, mteja wangu wa kila siku anataka kupelekwa stesheni kuwahi treni ya Dar, nikamwambia jamaa narudi baada ya nusu saa. Nikiwa njiani ndo nikaanza kukifikiria kile kikombe. Sikurudi.

Washkaji wakasema nenda Dar, saa hizi na SGR unaenda asubuhi unarudi usiku. Nikafikiria gharama ya kwenda mara mbili mara tatu nikaona hapana, na mimi nilitaka mtu ambaye nikipata tatizo namkuta, siyo wa kumtumia picha kwa simu.

Ndo abiria mmoja, dada anafanya kazi Mtumba, mkononi ana ua dogo limetulia, nikamuuliza kachora wapi akanielekeza.

Mchoraji ni binti wa Kondoa. Ameanza na hina na piko za maharusi kule kwao, na ukutani kabandika picha kubwa za ile michoro ya mapangoni Kolo, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nikamwambia mimi ni wa Dodoma na Kolo sijawahi kufika, akanitazama kwa huruma fulani hivi.

Nimekaa, natoa simu nimwonyeshe picha, akasema "kaka picha subiri, vua kwanza shati nione ndui yako." Nikajua nimeingia kwa mganga. Kumbe ana maana lile kovu la chanjo ya utotoni, ya kifua kikuu, tunachomwa bega la kulia wote tukiwa wachanga. Akalipapasa kwa kidole, limelala, sawa. Akauliza una kovu lingine, nikamwonyesha la gotini nilipodondoka na pikipiki, akalipapasa na lenyewe. Halafu akauliza nyumbani kwenu kuna mtu kovu lake lilivimba likawa kubwa kuliko kidonda? Nikataka kusema hamna, nikamkumbuka dada yangu. Dada alitoboa sikio la pili juu akiwa sekondari pakaota kinundu kama punje ya hindi, akakatwa, kikarudi kama zabibu.

Pale pale akafunga daftari. "Kaka leo sikuchori, na mwezi huu sikuchori."

Aisee nilikasirika. Nimekuja na hela mfukoni mtu anaikataa! Akanielewesha taratibu: hiyo ya dada ni keloidi, sisi watu weusi tunazipata zaidi na zinatembea kwenye familia, na sehemu zinazopenda sana ni masikio, kifua na bega. Mkono wa chini huku kwenye kigasha hatari ni ndogo kuliko begani lakini ipo, na ubaya wake haiji siku hiyo, kidonda kinapona vizuri unafurahi, halafu baada ya miezi miwili mitatu kovu linaanza kunyanyuka na kuwasha na kutambaa nje ya mstari. Akasema yeye siyo daktari, nikitaka niende kwa daktari wa ngozi nimuulize, na kama bado nataka kuchora basi tufanye jaribio, anichore jani moja dogo mahali ambapo baadaye litamezwa na mchoro mkubwa, halafu nikae nalo miezi mitatu. Daktari wa ngozi nilienda kweli, akaniambia yale yale ila kwa ukali zaidi, na akaongeza kwamba yeye angeshauri nisichore kabisa. Nimemsikia. Uamuzi ni wangu na msinitolee macho.

Jaribio lilikuwa elfu ishirini. Jani la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, chini ya kiwiko kwa ndani, na pembeni yake nukta nne: zambarau, kijani, nyekundu na nyeupe. Hizo nukta nilizilazimisha mimi. Nilikuwa nataka kishada cha zambarau na majani ya kijani kama picha za intaneti, yeye akasema haitakaa hivo kwenye ngozi yako, nikabisha, akasema basi tuweke tuone, sibishani na mteja nabishana na ngozi.

Alivyonieleza hapa nilimwelewa kwa sababu mimi ni mtu wa magari. Sindano inaingia kama milimita moja hadi mbili, inapita ngozi ya juu inaacha wino kwenye ngozi ya pili, wino ukikaa juu sana unatoka na magamba, ukienda chini sana unasambaa kama doa la oili. Sasa rangi yetu ya mwili ipo kwenye ile ngozi ya juu, maana yake wino upo chini ya rangi yako. Unautazama kama unavyotazama abiria wa nyuma kupitia tinti. Shati jeusi unaliona, la njano hulioni vizuri. Miezi mitatu baadaye nyeupe imepotea kabisa, inaonekana kama kovu la kuumwa na mbu, kijani ukikiangalia juani unakiona ndani hukioni, nyekundu imekuwa kama kahawia fulani, na zambarau, ile niliyoigombania, imekuwa nyeusi tu. Kwa hiyo mchoro wangu ni mweusi wote, na mwanga wa zabibu ataupata kwa kuacha ngozi yangu bila wino. Nilinyamaza nikalipa.

Jani lenyewe halikuvimba. Hilo ndo lililonipa ruhusa.

Sasa ndani ya hiyo miezi mitatu hatukukaa bure, na hapa ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mara ya pili nilienda kwa ajili ya mchoro wa kwenye karatasi. Akanitolea tawi zuri sana, laini, majani yamejipanga, nikaliangalia nikaona kuna kitu hakipo sawa ila sijui nini. Nikaenda nalo Hombolo wikendi kwa mdogo wangu anayelima, akacheka, akasema huu mzabibu haujapogolewa tangu uzaliwe. Ni kweli! Mzabibu wetu una vifundo vifundo, kila sehemu mkasi ulipopita miaka yote pana kovu, shina limejinyonga, linamenyeka gome. Huu wa kwenye karatasi ulikuwa kama wa kwenye lebo ya chupa. Nikakata tawi la kweli lenye majani matano na vikono vyake, zile nyuzi za kujishikizia, nikalifunga kwenye gazeti lenye maji nikaja nalo kwenye buti. Binti wa watu alifurahi kama nimemletea nyama. Akayalaza majani kwenye karatasi akayapitishia kalamu pembeni moja moja, akapiga kopi, na tawi akalitundika dirishani mpaka likakauka. Mchoro wa sasa hivi una vifundo, na kimoja kimekatwa kimshazari kama tunavyokata sisi.

Akanipunguzia pia. Nilitaka mistari myembamba kama unywele maana ndo fasheni, akasema kaka hiyo inapendeza siku ya picha, wino unapanuka kidogo kidogo ndani ya ngozi kadiri miaka inavyoenda, mistari ikibanana sana baada ya miaka kumi kishada chako kitakuwa doa. Zabibu kutoka ishirini na kitu zikabaki kumi na moja, kubwa, zina nafasi kati yake.

Mara ya tatu ilikuwa stensili. Hii ni ile karatasi ya zambarau wanakubandikia mchoro unabaki kwenye ngozi kama umepigwa muhuri, na ndo wanafuata mistari yake na sindano. Wengi wanakubandikia siku hiyo hiyo na kuanza, huyu anakubandikia anakwambia nenda nao nyumbani. Elfu kumi. Nilitoka nikaingia kwenye gari, nimeshika usukani, nashangaa tawi limepinda, kishada kimekimbilia chini ya mkono! Kumbe alinibandikia mkono umelala mezani kiganja kikiwa juu, na ukigeuza kiganja kushika kitu ule mkono wa chini wote unajisokota, mifupa miwili inapishana na ngozi inaifuata. Mimi masaa kumi na mawili kwa siku nimeshika usukani, kwa hiyo tatuu yangu ingekuwa sawa pale tu ninapoomba hela. Nikapanda ngazi tena, akafuta na spiriti, akanisimamisha, "weka mkono kama unaendesha," akabandika upya nikiwa nimeshika mgongo wa kiti. Hiyo ya pili hakunitoza.

Nikakaa na ule muhuri siku tatu mpaka ukafutika. Mke wangu siku ya kwanza hakusema kitu, siku ya pili akasema kishada kikubwa, siku ya tatu akasema mbona kinafutika. Nikajua nimepita.

Niongee kuhusu piko maana naona watu wanaifanyia majaribio. Mwezi wa tano kulikuwa na harusi kwa majirani, mke wangu akasema kabla hujajichora chora kwanza kwa piko tuone, na yule mama wa piko alikuwepo pale pale, nikachorewa jani. Usiku ikaanza kuwasha, kesho yake malengelenge yamepanga mstari umbo la jani kabisa, mpaka leo pana weusi kwenye mkono wa kulia. Nilipomhadithia binti wa Kondoa akasema yeye piko aliacha kuchora watu, ile ni dawa ya kupakia nywele, ina kemikali inaitwa PPD na ngozi ikishaikataa mara moja itaikataa maisha, hata ukija kupaka nywele zako nyeusi uzeeni utavimba. Hina ya kweli ni ya kahawia nyekundu, ukiona "hina" nyeusi tii jiulize. Kwa kujaribu mchoro tumia stensili au hata kalamu ya wino.

Usafi nitaandika haraka kwa sababu hapo sikuona kasoro na sina cha kunogesha. Sindano zinakuja kwenye katriji zilizofungwa moja moja, anakuonyesha tarehe ya mwisho kabla hajafungua, wino anamimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki na ukibaki unaenda kwenye taka, glavu anabadilisha akigusa simu hata kama ni sekunde moja. Vyuma vichache anavyorudia kutumia vinaingia kwenye mashine ya mvuke, ile ya digrii 121 kama ya hospitali. Kuna ndoo ya njano ya vitu vyenye ncha. Nilimuuliza kuhusu ile tabia ya kuloweka sindano kwenye spiriti akasema spiriti haiui kila kitu, homa ya ini inakusubiri hapo, na akaniuliza umechanja? Sikuwa nimechanja, sisi wa miaka ya nyuma utotoni hatukuipata ile ya homa ya ini B. Nikapima kwanza, nikaanza chanjo, dozi ni tatu, ya pili baada ya mwezi na ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo Jumamosi nakuwa na mbili. Kama bado hujaanza harakati anza na hiyo.

Swali lingine aliloniuliza sikulitegemea: "kaka unasubiri ajira yoyote ya jeshi au polisi?" Mimi wapi, nina miaka thelathini na tatu na kitambi. Lakini akasema vijana wa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, wanakuja kila siku wanataka mkono, na matangazo ya polisi yanaandika kabisa mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, halafu mtu anarudi baada ya mwaka analia anataka ifutwe. Kufuta ni leza, vipindi vingi, hela nyingi kuliko ya kuchora, na kwenye ngozi nyeusi leza isiyo sahihi inaunguza inaacha mabaka. Kwa hiyo mwanafunzi asiyejua anaenda wapi anarudishwa na yeye. Sijui hii biashara inamlipaje.

Na wachangiaji damu, mjue mtasubiri miezi kadhaa baada ya kuchorwa. Mimi huwa nachangia, nikaenda mapema kabla ya lile jani la jaribio nikamaliza.

Mama yangu ndo aliyebaki. Nilimpigia, "mbukwa mama," nikazunguka zunguka mpaka nikasema. Akanyamaza, halafu akaniambia nikasome Walawi 19:28. Nikamwambia sawa mama. Sasa mama yangu ana ile alama ya mviringo kwenye paji la uso kama wamama wengi wa Kigogo wa umri wake, anasema aliwekwa utotoni kwa ajili ya macho, na nilitamani sana kuitaja lakini nilikumbuka nani kanilea. Baadaye akapiga yeye, "unachora nini lakini?" Nikasema mzabibu wa baba. "Upi, ule wa karibu na kisima?" Nikasema ndiyo. Akasema ule una ugonjwa wa majani, chora mwingine. Nimeichukulia kama ruhusa.

Kuhusu mkono gani, nilikuwa nimeng'ang'ania wa kulia kwa sababu ndo abiria... hapana, nisidanganye, kwa sababu ndo unaonekana dirishani. Binti akaniwekea mikono yote miwili mezani pamoja. Wa kulia ni mweusi kabisa kuliko wa kushoto, miaka minane umelala kwenye dirisha la gari kwenye jua la Dodoma! Jua ndo adui wa wino, linaufifisha hata ukishapona, na kidonda kibichi ndo usiseme. Tumehamia kushoto. Watu wa bodaboda wao mikono yote ipo nje, vaeni mikono mirefu tu sijui niwaambieje.

Tarehe pia tuligombana. Mimi nilitaka mwezi wa tisa jani lilipofikisha miezi mitatu, yeye akauliza mwezi wa tisa unafanya nini, nikasema navuna. Akakataa. Juisi ya zabibu, vumbi, salfa tunazopuliza, jasho, na ngozi ina jeraha wiki mbili tatu. Kwa hiyo tumesubiri mavuno yaishe na kupogolea kuishe, na tumewahi kabla mvua za mwezi wa kumi na mbili, matope na mzabibu vikianza tena niwe nimepona.

Haya malalamiko. Bango nimeshasema. Pili, muda: miadi ya saa nne inaanza saa tano na nusu, na hakupigii, unakaa pale unasikiliza muziki wa duka la chini. Mimi muda wangu ni hela, lisaa limoja na nusu ni tripu mbili za Mtumba. Tatu, risiti. Nimetoa advansi laki moja kwa simu kwa jumla ya laki tatu na nusu, nikaomba karatasi, nikaambiwa "si meseji unayo kaka?" Meseji inasema nimetuma hela, haisemi za nini. Mwishowe aliniandikia kwenye kipande cha daftari akasaini, lakini nilikuwa nimeshaomba mara tatu na nilijiona mkorofi. Nne, dirisha halina pazia. Kiti kipo dirishani kabisa na ng'ambo kuna ghorofa la ofisi, mimi mkono siyo shida lakini siku moja nilimkuta dada anachorwa mgongo amejifunika khanga kwa mbele, na wazee wa ng'ambo wamesimama na vikombe vya chai. Nilimwambia mchoraji, akasema pazia linakuja. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba.

Bei nayo wengine mtaona kubwa. Ukijumlisha jaribio na stensili mimi natoka na laki tatu na themanini, wakati jamaa wa kikombe alitaka themanini. Hesabu nimefanya, na naona kiasi kikubwa nimelipia kuambiwa hapana.

Wiki hii ndo maandalizi ya mwilini. Wiki mbili sasa napaka mafuta mgando yasiyo na harufu kila usiku kwa sababu ngozi yangu kwa huu upepo wa Dodoma ni kama ukoko wa ugali, na ngozi iliyokauka haipokei wino vizuri, ila siku yenyewe nisipake chochote, stensili haitashika. Maji nakunywa mpaka abiria wananishangaa ninavyosimama vituo vya mafuta. Bia na mvinyo hapana kuanzia Ijumaa asubuhi, damu inatoka zaidi na wino unasukumwa nje. Diklofenaki na aspirini hapana, ila kama umeandikiwa na daktari kwa ugonjwa wako usiache kwa sababu ya tatuu, muulize kwanza. Nywele za mkono nisinyoe mwenyewe, atanyoa yeye kwa wembe mpya. Asubuhi nile vizuri, na hapa aliniambia chapati mbili na maharage, nikamwambia mimi nyumbani ni ugali na mlenda, akasema mlenda pia unaruhusiwa. Sabuni ya kuoshea nimeshanunua, ya watoto isiyo na manukato, na mashati ya mikono mifupi mawili yasiyobana. Panapouma sana anasema ni karibu na kifundo na kule mkunjo wa kiwiko, huku katikati kwa nje nitavumilia. Ameniambia nikisikia kizunguzungu niseme, nisijifanye mwanaume.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka nione pazia.

Gari nimemkabidhi mdogo wangu kwa wiki mbili kuanzia kesho nipishe jua na vumbi. Ameshapiga simu mara mbili leo, ya kwanza kuuliza kiyoyozi kinawashwaje, ya pili kuuliza kama kile kinachonuka chini ya siti ni tawi la mzabibu au kitu kingine.